Kuulizwa si Kusikilizwa

Kuna neno tunalolisikia mara kwa mara katika vinywa vya wakubwa, wa huku kwetu na wa Ulaya: kwamba mambo ya haki ya mtungaji ni ya wanasheria na wenye mali, na raia wa kawaida hana la kusema hapo. Akisema, ametumwa na mtu. Akipaza sauti, hakuelewa. Neno hili limekwisha kuzeeka, lakini bado lina nguvu. Sisi twalikataa, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza tujue tunasema juu ya nini. Mtu akitunga wimbo, akiandika kitabu au akipiga picha, sheria yampa haki: mwingine asipige chapa kazi yake wala kuiuza bila ruhusa. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita hakimiliki. Ni haki njema. Mtungaji naye hula, hulipa kodi ya nyumba, husomesha watoto. Mtu anayetaka nyimbo za wengine ziwe bure ili yeye azifanyie biashara, asitafute msaada katika ukurasa huu.

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani sheria hii iliwagusa watu wachache: mwenye mtambo wa kupiga chapa, mwenye kiwanda cha sahani za muziki, mwenye nyumba ya sinema, mkuu wa redio. Mama anayeuza mihogo sokoni aliweza kuishi miaka themanini bila kuivunja wala kuitimiza, kwani hakuwa na mtambo. Leo simu iliyo mfukoni mwa mwanawe ni mtambo wa chapa, ni redio, ni sinema, vyote pamoja. Kijana wa kwaya akirekodi wimbo wa Jumapili na kuutuma kwa rafiki zake, amefanya kazi ambayo zamani ilihitaji kiwanda. Mwalimu akipiga picha ukurasa mmoja wa kitabu na kuupeleka kwa wanafunzi wake, naye amepiga chapa. Kwa hiyo sheria iliyokuwa ya wenye viwanda imeingia nyumbani mwa kila mtu, bila hodi. Je, si haki basi kila mtu aulizwe jinsi itakavyoandikwa?

Serikali zitajibu: «Mbona tunawauliza!» Ni kweli, siku hizi zauliza. Hutoa karatasi ya maswali, huweka tarehe, hupokea maoni, kisha hufunga kitabu. Hapo ndipo shauri letu lilipo. Twachukua mfano wa Ulaya, maana huko mambo haya yaliandikwa, tarehe zajulikana na hesabu ya kura yajulikana. Tena kampuni zilizogombewa huko, kama YouTube na Facebook, ndizo zile zile vijana wetu wanazozifungua Bukavu na Lubumbashi.

Mambo yalianza kwa siri. Serikali za Marekani, Japani, Umoja wa Ulaya na nyingine zilizungumza miaka kadhaa, milango imefungwa, juu ya mapatano yaliyoitwa ACTA, ya kupambana na bidhaa za bandia, na ndani yake mkatiwa mambo ya intaneti. Tarehe 26 Januari 2012, mjini Tokyo, Umoja wa Ulaya na nchi zake 22 wakatia sahihi. Siku ile ile mjumbe mmoja wa Bunge la Ulaya, Mfaransa Kader Arif, aliyepewa kazi ya kulieleza Bunge mapatano hayo, akaiacha kazi yake. Alilalamika waziwazi kwamba vyama vya raia havikushirikishwa na kwamba mambo yaliendeshwa gizani. Mwezi wa pili, katika baridi kali, vijana wakajaa barabarani katika Polandi, Ujerumani na nchi nyingine. Tarehe 4 Julai 2012 Bunge likapiga kura: 478 walikataa mapatano, 39 wakayakubali, 165 hawakuchagua upande. Mapatano yakafa.

Yafaa tukumbuke jambo hili, maana wengine husema kelele za raia hazileti kitu. Zilileta. Na wakubwa walijifunza. Walijifunza kwamba kuwaficha raia mambo ni hatari. Basi wakaanza kuwauliza.

Tarehe 5 Desemba 2013 Kamisheni ya Ulaya, ndiyo serikali ya Umoja ule, ikatoa karatasi ya maswali juu ya haki ya mtungaji katika nyakati za intaneti. Maswali yalikuwa 80. Themanini! Tena maswali ya kisheria, yenye maneno ambayo hata mtu wa chuo kikuu huyasoma mara mbili. Nani mwenye nafasi ya kuyajibu? Kampuni kubwa ina mwanasheria anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo. Mtunza vitabu wa kijiji hana, kipofu hana, mwanafunzi hana. Vyama vya raia vikafanya kazi ya maana sana: vikatengeneza kurasa za kumsaidia mtu kuchagua maswali yanayomhusu, vikamweleza kila swali lataka nini, naye akajibu kwa maneno yake. Muda ulipokwisha, tarehe 5 Machi 2014, yalikuwa yamefika majibu zaidi ya 9,500. Wengi wa waliojibu walikuwa watumiaji wa kawaida, si wenye kampuni.

Katika mwezi wa saba wa mwaka huo Kamisheni ikatoa ripoti. Twaweza kuisifu kwa kitu kimoja: iliandika kwa uaminifu kwamba watumiaji wasema hivi, waandishi wasema hivi, wapiga chapa wasema hivi. Ni kama karani anayeandika maneno ya kila mmoja katika baraza. Lakini mzee wa baraza akiisha kusikia maneno yote, hutoa hukumu, na hueleza kwa nini amemkubali huyu na kumkatalia yule. Maelezo hayo hayakuwamo. Maelfu ya watu waliandika, wakapewa kifungu kinachosema kwamba waliandika.

Twende mbele, maana la pili ni baya zaidi. Mwaka 2016, toka Machi hadi Juni, Kamisheni iliuliza tena, na safari hii maswali yalihusu mambo mawili tu. La kwanza: je, wenye magazeti wapewe haki mpya juu ya habari zao katika intaneti? La pili: je, kila mtu awe na ruhusa ya kupiga picha majumba na sanamu zilizo mahali pa wazi, na kuzitangaza, bila kuomba kibali?

Msomaji wetu atashangaa. Kuomba kibali cha kutangaza picha ya nyumba iliyo barabarani? Ndiyo. Wazee wetu wengi walisikia habari za Maonyesho Makubwa ya Brussels ya mwaka 1958 na ule mnara wake wa mipira tisa inayong'aa, uitwao Atomium. Miaka mingi, mtu aliyetaka kutangaza picha ya mnara ule alipaswa kupata ruhusa, kwa kuwa mtungaji wake, André Waterkeyn, alikufa mwaka 2005, na sheria huilinda kazi miaka 70 baada ya kufa kwake. Wikipedia, ile kamusi kubwa ya intaneti, haikuweza kuuonyesha kama unavyoonekana. Ubelgiji ilibadili sheria yake mwaka 2016 na kuwafungulia watu. Nchi nyingine za Ulaya hazikufanya hivyo.

Basi raia wengi walijibu swali hilo la pili wakitaka ruhusa hiyo iwe kwa Ulaya nzima. Wenye magazeti makubwa walitaka haki yao mpya. Tarehe 14 Septemba 2016 Kamisheni ikatoa sheria iliyoipendekeza. Haki ya wenye magazeti ilikuwamo. Ruhusa ya picha haikuwamo. Maswali mawili katika karatasi moja, na aliyepata jibu ni mwenye gazeti. Hatusemi Kamisheni ilikuwa lazima itii kila barua iliyopokea. Kuuliza maoni si kupiga kura. Twasema hivi: ukimwuliza mtu jambo, naye akakujibu, kisha ukafanya kinyume, una deni la kumweleza sababu.

Tena kuna habari ya kitabu kilichofichwa, nayo yatupasa kuikawilia kidogo.

Mwaka 2014 Kamisheni ile ile iliwalipa wataalamu wa kampuni ya Ecorys euro 360,000 wachunguze jambo moja: watu wakichukua muziki, vitabu, filimu na michezo bila kulipa, je, mauzo hupungua kweli, na kwa kiasi gani? Ni swali jema, ndilo msingi wa nyumba yote. Wataalamu wakauliza watu karibu 30,000 katika nchi sita. Mwezi Mei 2015 wakamaliza: kurasa zaidi ya 300. Wakaandika kwamba hawakuona dalili imara katika hesabu zao kwamba mauzo hupungua, isipokuwa kwa filimu kubwa mpya. Huko ndiko hasara ilionekana wazi. Hawakusema wizi ni mwema, wala kwamba hakuna hasara popote. Walisema tu hesabu zao hazionyeshi kile ambacho kila mtu alidhani amekwisha kukijua.

Kitabu hicho kikafungiwa. Sheria ikapendekezwa Septemba 2016, raia wakaombwa maoni, wajumbe wakaanza kujadiliana, na kitabu kiko kabatini. Kilitoka mwezi Septemba 2017 tu, kwa sababu mjumbe mmoja wa Bunge, Julia Reda wa Ujerumani, aliandika barua akakidai kwa haki ya raia ya kuona karatasi za serikali. Hebu fikirini: mwamuzi awaite watu wawili waje kushauriana juu ya mpaka wa shamba, naye anayo ramani mfukoni, wala haitoi. Mashauri ya namna hiyo yana thamani gani? Wala kisituambie kinywa chochote kwamba raia hawakujua mambo. Wangejuaje, na ujuzi umefichwa na yule yule anayewacheka kwa kutojua?

Sasa tuje kwenye mwaka 2018 na 2019, ndipo ghasia yenyewe. Katika sheria ile mpya kifungu cha 13 (baadaye kikaitwa cha 17) kiliamuru kampuni kama YouTube zijibu zenyewe kwa kila wimbo au filimu ambayo watu wameweka bila ruhusa. Ni nani awezaye kukagua mamilioni ya filimu kwa macho? Hakuna. Kwa hiyo vyama vya raia vikasema: kampuni zitaweka mashine za kuchuja, na mashine haijui kupambanua mwizi na mwenye haki. Mtu anayemnukuu mwandishi ili ampinge, mtu anayefanya mzaha, mwalimu anayefundisha, wote mashine itawaona sawa.

Je, walitia chumvi? Mwezi Septemba 2018 mpiga piano wa Uingereza, James Rhodes, aliweka katika Facebook filimu yake fupi, yeye mwenyewe akipiga muziki wa Bach nyumbani kwake. Akaambiwa muziki ule ni mali ya kampuni ya Sony. Bach alikufa mwaka 1750! Rhodes akalalamika mbele ya watu, naye ana wasikilizaji wengi, dai likaondolewa. Lakini mwenye kwaya ya parokia, ambaye wimbo wake wa kale umezimwa na mashine, atalalamika mbele ya nani?

Raia wakaandika barua pepe kwa wajumbe wao, nyingi mno. Karatasi ya kulalamika ikatiwa sahihi na watu zaidi ya milioni 4 na nusu. Wakajibiwa nini? Wanasiasa wengine wakasema barua hizo si za watu, ni za mashine zilizotumwa. Vijana wa Ujerumani wakatoka barabarani wameshika mabango yaliyoandikwa kwamba wao si mashine. Mwezi Februari 2019 watumishi wa Kamisheni yenyewe wakatangaza maandishi kwamba kundi la watu limedanganywa limwokoe joka na kumwua shujaa. Joka ni kampuni kubwa, shujaa ni sheria yao, na lile kundi la wajinga ni raia waliowaandikia. Baada ya siku chache wakayaondoa maandishi yale, kwa aibu. Lakini tulikwisha kujua wanavyofikiri. Serikali inayoomba maoni, kisha yawatukana walioyatoa, iliyaomba ya nini?

Tarehe 23 Machi 2019 maelfu na maelfu waliandamana katika miji mingi. Siku tatu baadaye Bunge likapitisha sheria kwa kura 348 dhidi ya 274, na 36 hawakuchagua. Kabla ya hapo iliulizwa kama wajumbe waruhusiwe kubadili kifungu kimoja kimoja. Jambo hilo lilishindwa kwa kura tano tu, 317 dhidi ya 312. Kisha wajumbe kadhaa wakasimama kusema walibonyeza kitufe kisicho chao. Waliruhusiwa kusahihisha katika kitabu cha kumbukumbu, wala matokeo hayakubadilika. Vitufe vile vilibonyezwa na wale wale walioitwa wenye kujua.

Sasa yatupasa kuwa wa kweli, tusije tukafanya kama wale tunaowashitaki. Upande wa pili nao ulikuwa na watu wema. Watungaji wengi waliitaka sheria ile. Paul McCartney aliwaandikia wajumbe mwaka 2018 akiwaomba waipitishe. Wanamuziki wasio na jina walikuwa na uchungu wa kweli: YouTube yapata fedha nyingi kwa matangazo, nao wapata senti. Twawasikia. Nao pia ni raia, na vyama vyao ni vyama vya raia. Sheria ile ina vifungu vyema kwa ajili yao: chaamuru mtungaji alipwe kwa haki, na kingine chaamuru aonyeshwe hesabu ya fedha ambazo kazi yake imeleta. Hakuna mwanafunzi wala mtunza vitabu aliyeandamana kuvipinga vifungu hivyo. Kumlipa mwimbaji ni jambo moja, kumwekea kila mtu mashine ya kumziba kinywa ni jambo lingine. Wakubwa waliyafunga katika kamba moja, ili anayekataa hili aonekane anakataa na lile.

Ni kweli pia kwamba vyama vingine vilivyopigania intaneti vilipata misaada ya fedha kutoka Google. Wapinzani walilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Walikuwa na haki ya kuuliza. Chama kinachosema kwa jina la raia kionyeshe mfuko wake, nacho kisichoonyesha kisikasirike kikishukiwa. Lakini je, wenye magazeti makubwa na kampuni za muziki walikuja mikono mitupu? Nao waliajiri watu wa kuzunguka katika vyumba vya Brussels asubuhi na jioni. Kama fedha inachafua neno, basi na ichunguzwe pande zote mbili. Na watu milioni 4 na nusu hawakulipwa na mtu.

Tena kosa moja la vyama hivyo lazima lisemwe. Maelfu ya barua zilikuwa na maneno yale yale, zimenakiliwa toka karatasi moja. Mjumbe akiona barua elfu zinazofanana, huihesabu moja. Barua moja ya mwalimu aliyeandika ni somo gani hasa lililozuiliwa, siku gani, na wanafunzi wangapi walikosa, hiyo humkosesha mjumbe usingizi.

Mtauliza: je, kuna mahali ambapo raia walisikilizwa kweli? Pako, na twafurahi kupataja. Ni habari ya vipofu.

Umoja wa Vipofu wa Dunia ulisema miaka mingi kwamba katika vitabu vinavyopigwa chapa, si hata kimoja katika kila kumi kinachogeuzwa kuwa maandishi ya Braille, au sauti, au herufi kubwa, ili kipofu aweze kukisoma. Katika nchi maskini ni vichache zaidi. Na kilichogeuzwa katika nchi moja mara nyingi hakikuweza kuvuka mpaka, kwani sheria ya haki ya mtungaji ilikizuia. Kitabu kimoja kikageuzwa mara kadhaa katika nchi mbalimbali, kazi ile ile, gharama ile ile. Vipofu hawakungoja karatasi ya maswali. Waliandika wenyewe mapatano wanayoyataka, neno kwa neno. Mwaka 2009 Brazili, Ekwado na Paraguay zikayachukua na kuyaweka mezani huko Geneva, katika shirika la dunia linaloshughulikia haki hizo. Wenye mali wakaogopa: «Tukiwafungulia vipofu, wezi wataingia.» Lakini safari hii waliohusika walikuwa ndani ya chumba, mwaka kwa mwaka, wakijibu kila hofu kwa maelezo. Mwanamuziki Stevie Wonder, kipofu na mwenye haki nyingi za utungaji yeye mwenyewe, akawaombea mwaka 2010. Tarehe 27 Juni 2013, mjini Marrakesh katika Moroko, mapatano yakakubaliwa. Yakaanza kufanya kazi tarehe 30 Septemba 2016. Kenya iliingia mwaka 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020.

Tazameni tofauti. Huko Marrakesh raia walikuja na maneno yaliyoandikwa, wakakaa mezani, wakajibiwa. Brussels waliletewa maneno yaliyokwisha kuandikwa, wakaambiwa waseme wanavyojisikia.

Hata baada ya sheria ya 2019 mchezo uliendelea. Sheria yenyewe iliamuru Kamisheni ikae na kampuni, na wenye haki, na vyama vya watumiaji, waafikiane jinsi ya kukitimiza kifungu cha 17. Walikutana mara sita, toka Oktoba 2019 hadi Februari 2020. Vyama vya raia vilikuja, vikasema, vikasikilizwa kiasi: karatasi ya Kamisheni ya Julai 2020 ilisema mashine izuie kile tu ambacho wizi wake ni dhahiri. Tukasema, afadhali. Ndipo tarehe 4 Juni 2021, siku tatu tu kabla ya muda wa nchi zote kuitimiza sheria, yakatoka maelezo ya mwisho. Ndani yake mna kipande kipya: mwenye haki aweza kutia alama kazi yake kwamba kuitangaza bila ruhusa kwaweza kumletea hasara kubwa, na hapo kampuni iwe na uangalifu wa pekee kabla ya kuiachilia. Kipande hicho hakikuwamo katika karatasi ambayo raia waliulizwa. Kiliingia lini, kwa mkono wa nani? Mikutano sita ya mchana, na neno kubwa likaandikwa mahali pengine.

Polandi ilikuwa imeipeleka sheria mbele ya Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Tarehe 26 Aprili 2022 mahakama ikakataa kuifuta, lakini ikasema waziwazi kwamba mashine isiyoweza kupambanua vya kutosha kilicho halali na kisicho halali haipatani na uhuru wa watu wa kusema. Neno ambalo vijana waliitwa wajinga kwa kulisema barabarani, waamuzi walilisema katika hukumu miaka mitatu baadaye.

Na sisi huku Kongo? Sheria yetu ya haki ya mtungaji ni ya tarehe 5 Aprili 1986, nchi ikiitwa Zaire. Waliyoiandika walifikiri juu ya kaseti na redio. Simu ya mkononi hawakuiona hata katika ndoto. Sheria kama hiyo ikiguswa, wataguswa mwenye kwaya, mwalimu, fundi wa kibanda cha fotokopi, kijana anayewatilia watu nyimbo katika simu kwa faranga kidogo, na mwanamuziki mwenyewe ambaye nyimbo zake zatiwa bila yeye kuona hata faranga moja. Hao ndio raia. Twasema hivyo kwa sababu katika nchi yetu «sosiete sivili» mara nyingine ni watu kumi wale wale, kutoka semina moja ya hoteli kwenda nyingine, na kila mmoja ana chama chake ndani ya mkoba.

Basi siku karatasi ya maswali itakapotoka, tunadai iandikwe kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba pia, si kwa Kifaransa tu, nayo isomwe katika redio. Iseme mambo machache yanayoeleweka. Uchunguzi wowote ambao serikali imeulipia utolewe siku ile ile, si baada ya kura. Kila chama kitakachojibu kiandike fedha zake zatoka wapi. Na majibu yakiisha kukusanywa, wizara iandike: hili tumelikubali, hili tumelikataa, na sababu ni hii. Maandishi ya sheria yakibadilika baada ya mashauri, kipande kilichobadilika kirudishwe kwa watu kabla ya kwenda bungeni.

Wasomaji wenye kwaya, na walimu, waanze sasa kuandika katika daftari: ni wimbo gani uliozimwa katika simu, tarehe gani, maneno gani yalitokea kwenye kioo, ni kitabu gani cha shule kisichopatikana dukani, na kurasa ngapi zilipigwa fotokopi ili darasa lisome. Karatasi ya maswali huja na tarehe fupi, na asiye na daftari hujibu kwa hasira tu.